Suruali ya Baba ya Kanisani

Juzi mjukuu wangu Neema alitoka hapa nyumbani, mtaani kwetu Soweto, kwenda dukani kununua nyanya, amevaa suruali ya kulalia. Saa nne asubuhi, jua limeshapanda, watu wanapita na shughuli zao, na binti mwenye akili zake timamu anakatiza barabarani na pajama yenye picha za paka. Nilimwita arudi. Akageuka akanijibu kwa upole kabisa, "Bibi, siku hizi ndiyo fasheni." La kusema nilikuwa nalo, tena la kutosha, ila nilikumbuka suruali nyingine ya kulalia iliyowahi kutoka nje mchana kweupe, nikakaa chini kwenye kigoda nikacheka, kisha kicheko kikaniisha.

Ninyi wa rika langu mliokulia Mufindi mtanishuhudia. Katika miaka ile ya hamsini nguo haikutupwa, ilihama tu. Gauni la mama liliishia kuwa gauni la dada, likapunguzwa likawa blauzi ya mdogo wake, likawa nepi, mwisho likawa tambara la kuepulia sufuria motoni, na hapo bado liliitwa gauni la mama. Leo vijana wananunua suruali iliyochanika magotini, wanaivaa kwa maringo, na ukiwaambia uwaletee sindano wanakuangalia kama umerukwa na akili. Mama yangu angefufuka akaziona, angeomba uzi kabla hajamsalimia mtu.

Sindano nyumbani kwetu ilikuwa moja. Mama aliichomeka kwenye kipande cha blanketi kuukuu, akakitia ndani ya kopo, na kopo likaning'inizwa juu ya mlango mahali ambapo sisi watoto hatukufika. Ilipodondoka, mama alisema neno moja tu, "Simameni," na wote tuligeuka magogo mahali tulipokuwa, hata kama mtu alikuwa na mguu mmoja hewani. Halafu tulipiga magoti tukapapasa sakafu ya udongo kwa viganja, polepole, mpaka ipatikane. Uzi nao haukununuliwa ovyo. Mama aliuchomoa kwenye pindo la nguo ile ile inayoshonwa, uzi mmoja mmoja, akausokota pajani, ndiyo maana kiraka chake hukukiona mpaka uguse. Kiraka alikiweka kwa ndani. Alisema nguo ina uso wake kama mtu, haifai kuibandika dawa usoni.

Na baridi ile! Siku hizi mtu anavaa jaketi juu ya sweta halafu analalamika. Sisi mwezi wa Juni tulikwenda shule miguu mitupu, umande umeganda juu ya majani mpaka unakatika chini ya nyayo. Tulijua mahali ng'ombe walipolala, tukawafukuza, tukasimama pale penye joto lao mpaka vidole virudiwe na uhai, kisha tukakimbilia pengine. Kila mtoto alibeba viazi viwili vilivyochomwa jivuni, kimoja kila mkono. Vilikupasha moto njiani, na saa ya mapumziko ukavila vimepoa. Halafu tukacheza rede kwa mpira wa matambara, na ule mpira nao, ukiufumua, ungekuta historia yote ya nguo za kijiji.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao. Yeye na mwenzake walichimba shimo porini, wakalaza gogo juu, mmoja akasimama juu na mwingine chini, wakavuta msumeno kutwa nzima. Alirudi jioni na unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Siku za kazi alivaa kaptula ya kaki ambayo mama alikuwa ameitia viraka hata hakuna aliyekumbuka kitambaa cha mwanzo kilikuwa kipi. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, mzee wa kanisa letu la Kilutheri, na ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili. Kanisani alikwenda na kaptula ile ile, imefuliwa.

Kisha ikaja Krismasi moja ambayo misheni ilipokea marobota ya nguo kutoka ng'ambo. Wakagawiwa wakuu wa kaya, kila mmoja nguo moja. Baba akarudi na kifurushi kwapani. Mama alipokifungua akatoa suruali ndefu, laini, nzito, yenye mistari ya buluu na nyeupe kutoka kiunoni hadi miguuni. Badala ya mkanda ilikuwa na kamba yake yenyewe ya kufungia. Hatukuwa tumewahi kuona kitu kama hicho. Mama alimwambia baba aivae hapo hapo. Alipotoka nayo uani, mama akajishika kiuno, akamzunguka mara mbili, akamwangalia juu na chini.

"Baba Vumi," akasema, "kumbe niliolewa na mwanamume."

Mimi ndiye Vumi, Vumilia, mtoto wao wa kwanza. Nilikuwa na miaka kama kumi, lakini nakumbuka baba alifungua kinywa kutaka kusema kitu, na mama hakumpa nafasi. Alikuwa ameshawaita majirani. Wakaja, wakapiga vigelegele, wakakipapasa kile kitambaa, wakasema huyu sasa ni mtu wa bomani. Baba akafumba kinywa.

Tangu siku hiyo ile ikawa suruali ya kanisani. Kila Jumamosi mama aliipiga pasi ya mkaa mpaka mistari ikanyooka na mkunjo wa mbele ukasimama wima. Baba aliivaa na koti jeusi alilopewa na mjomba wake, akapita katikati ya kanisa na kikapu, na mama upande wa wanawake akakaa ameinua shingo. Nami nilijivuna mno. Hakuna mtoto mwingine ambaye baba yake alikuwa na mistari.

Kitu kilichoila ile suruali ni mabenchi. Mabenchi ya kanisa yalikuwa ya mbao zisizopigwa randa, tena mbao alizozipasua baba mwenyewe. Kila Jumapili alikaa juu ya kazi ya mikono yake, na kazi ya mikono yake ikamlia makalio ya suruali kidogo kidogo. Mama aliziba kwa ndani, akaziba tena. Miaka minne ikapita hivyo.

Mimi nikafaulu kwenda shule ya kati ya wasichana, ya bweni, mbali na nyumbani. Siku ya kwanza bwenini, kila mtu alifungua sanduku lake. Mimi nilikuwa na gauni la amerikani la kulalia, mama ameshona. Kitanda cha pili alikuwa Ester, binti wa karani wa Iringa mjini, msichana mchangamfu, hana baya na mtu. Akafungua sanduku, akatoa suruali. Mistari ya buluu na nyeupe. Kitambaa kile kile, kamba ile ile kiunoni, hata ule mpasuko wa mbele usio na kifungo. Akaivaa, akapanda kitandani, akavuta blanketi.

Nikamwuliza kwa mshangao wa kweli kabisa, "Ester, mbona unalala na suruali ya kanisani?"

Bweni zima lilicheka. Walicheka mpaka matroni akaja kugonga mlango. Ester akanieleza, naye akijifuta machozi ya kicheko, kwamba hii inaitwa pajama, hii ni ya kulalia, mtu hatoki nayo hata sebuleni. Muhula mzima wakaniita Suruali ya Kanisani. Nami nilicheka pamoja nao, kwani ningefanyaje. Lakini nilipojifunika blanketi nilimwona baba anapita katikati ya kanisa na kikapu chake, taratibu, kichwa juu, mbele ya mchungaji, mbele ya wageni wa misheni, amevaa nguo ya kulalia. Nikakumbuka kwamba wale wazungu wa misheni walikuwa wakitabasamu kila alipopita. Mimi siku zote nilidhani wanafurahi kumwona. Niliuma blanketi nisilie kwa sauti.

Hakuna aliyejua bwenini kwamba nilikuwa nasema habari za baba yangu. Hilo ndilo lililonipa nafuu, mpaka karibu na likizo. Likizo ile nilikuwa nipate kipaimara katika kanisa letu. Siku moja Ester akaja mbio kunikumbatia. Bibi yake mzaa mama aliishi kijiji cha pili kutoka kwetu, na wazazi wake wameamua apate kipaimara huko huko, mbele ya bibi, pamoja nami. Na baba yake karani angekuja.

"Nitamwona baba yako," akasema Ester. "Umemsifia sana."

Nikarudi nyumbani moyo mzito kuliko sanduku. Zilikuwa zimebaki siku nane. Nilimkuta mama jikoni anamenya viazi, nikakaa nikashika kisu nimsaidie. Nikamenya vitatu. Cha nne nikakiweka chini, nikamwambia yote.

Mama hakukatiza. Nilipomaliza, aliendelea kukiangalia kiazi kilichokuwa mkononi mwake.

"Una hakika, Vumi?"

"Nina hakika, Mama. Nimeiona kwa macho."

"Ya kulalia."

"Ya kulalia."

Akakiweka kile kiazi chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi ndiye niliyewaita majirani. Na mimi ndiye niliyekuwa naipiga pasi." Nikatamani ningekufa na lile jambo tumboni. Nilisema tumwambie baba avae kaptula siku hiyo. Mama akanikatiza pale pale.

"Asijue. Unanisikia? Baba yako amesimama mbele za watu miaka minne. Ukimwambia leo, kila Jumapili aliyowahi kuvaa ile suruali itamrudia. Hatainua tena kichwa kanisani. Suruali ndiyo itakayobadilika, yeye atabaki vile vile."

Jioni baba aliporudi, mama akamwambia kwamba makalio ya suruali yameisha, anaifumua aitengeneze upya kwa ajili ya kipaimara changu. Baba akasema sawa, akaenda kunawa.

Jamani, wanawake wa enzi zile walikuwa na mikono. Mama alianza kwa kuifumua yote, mshono kwa mshono, kwa ncha ya kisu, akazihesabu nyuzi alizotoa akazitunza. Ile kamba ya kiunoni akaichomoa, akaizungusha kidoleni, akaitia motoni yeye mwenyewe. Akageuza vipande: upande wa mbele uliokuwa mzima akaupeleka nyuma, na wa nyuma uliolika akauleta mbele, akaweka kiraka kirefu kwa ndani mahali ambapo koti lingefunika. Mpasuko wa zamani, uliokuwa sasa nyuma, akaushona kabisa, akakata mwingine mbele, akautia vifungo vinne, vitatu vya koti la zamani na kimoja nilichokipata mimi shuleni. Akashona ukanda wa kiuno kwa kitambaa cha mfuko wa unga, akaukunja mara mbili ukasimama wenyewe, akaweka vishikizo vitano vya kupitishia mkanda. Akatia na mifuko miwili. Nilimwuliza mifuko ya nini wakati baba hana cha kuweka. Akasema suruali ya mwanamume haiwezi kukosa mahali pa kuweka mkono.

Ikabaki mistari. Mistari ilikuwa bado inapiga kelele pale pale. Mama akanituma kwenye miti ya miwati nikabandue magome ya kutilia rangi, na bondeni nikachote lile tope jeusi la chini ya maji. Akachukua chungu chake kizuri, kile cha maharage, akachemsha magome mpaka maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, akaitosa suruali, akaigeuza kwa mwiko. Kisha akaizika kwenye tope siku nzima, akaifua, akairudisha chunguni. Baba alipita mara moja nyuma ya jiko akachungulia, akasalimia "Kamwene" kama kawaida, akaondoka zake kunoa msumeno. Mikono ya mama ikawa myeusi mpaka kwenye viwiko, na kile chungu hakikupika tena chakula.

Ilipokauka, suruali ilikuwa rangi ya kahawia iliyokolea sana, karibu nyeusi, na mistari ilikuwa imezama ndani mpaka ikabaki kivuli tu. Kama hujui, ungesema kitambaa kimefumwa hivyo makusudi kiwandani. Nilirukaruka. Mama akaipima kwa mkono wake, kuanzia kiunoni hadi chini, kama alivyozoea kumpima baba. Akapima tena. Maji ya moto yalikuwa yameirudisha. Imekuwa fupi kwa vidole vinne.

Ilikuwa Ijumaa. Baba yangu alikuwa mrefu, nimeshasema, na vidole vinne kwa mtu mrefu ni sawa na kutangaza. Mama alikaa chini kwenye kizingiti, ile suruali mapajani, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia kwa sababu ya nguo. Nikaketi pembeni yake.

Baada ya muda akafuta uso. Akasimama, akafungua kaniki yake mpya, ile aliyoinunua kwa mavuno na aliyoitunza kwa siku yangu, akaitandika mkekani. Akaniambia nishike upande wa pili. Akapasua utepe kutoka chini, upana wa kiganja, urefu wote. Sauti ya kile kitambaa kikipasuka naisikia hadi leo. Kwa utepe ule akashona makunjo ya chini, yale ya kukunjwa kwa nje, meusi, sawasawa pande zote mbili. Suruali ikafika mahali pake, na kusema kweli ikapendeza kuliko ilivyowahi kupendeza.

Jumapili baba akaivaa. Akapitisha mkanda, akafunga vifungo, akaingiza mkono mfukoni akautoa. Akamtazama mama, mama akajifanya anatafuta leso. "Imekaa vizuri," baba akasema. Basi.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti. Ilipogongwa tuliingia, Ester na mimi mbele, tumevaa nyeupe. Sikusikia mahubiri. Niliposikia hatua za baba na kikapu, nikawa namwangalia Ester kwa pembeni ya jicho. Ester alimwangalia baba yangu kutoka kichwani hadi chini, akaninong'oneza, "Ni mrefu kweli." Akarudi kwenye kitabu chake cha nyimbo. Hapo nikaanza kulia, na sikuweza kunyamaza hata nilipopiga magoti kuwekewa mikono. Mchungaji alifurahi sana, akasema waziwazi kwamba Roho ameshuka. Nami sikumsahihisha.

Nje ya kanisa, karani alikuja kumpa baba mkono. Alivaa suti kamili. Akaziangalia suruali zile mbili, yake na ya baba, zote zina makunjo chini.

"Mzee, fundi wako yuko wapi?" akauliza. "Wangu ananishonea makunjo hayalingani."

"Fundi wangu yuko nyumbani," baba akajibu.

Mama alikuwa nyuma yake hatua mbili, amevaa kaniki iliyopanda juu ya vifundo kupita kawaida ya heshima ya siku zile. Sikuwahi kumwona na uso wa furaha vile, na miaka mingi nimeishi naye. Ajabu moja tu ilitupata: rangi ya mwati haikuwa imeshika sawasawa, na baba alipovua ile suruali miguu yake ilikuwa ya kahawia kuanzia mapajani mpaka kwenye vifundo. Alipasua mbao wiki nzima na miguu ile, wenzake wakimtania kwamba ametumbukia kwenye pombe ya ugimbi.

Likizo ikaisha. Baba ndiye aliyenisindikiza mpaka Nyololo kusubiri basi la kunirudisha shuleni. Alibeba sanduku langu begani, tukatembea asubuhi nzima, ukungu ukiinuka mabondeni. Hatukuwa watu wa kuongea njiani. Tulipofika barabarani akaliweka sanduku chini, tukakaa juu yake wote wawili. Akatazama upande basi linakotokea.

"Vumi," akasema, "wewe ndiye uliyemwambia mama yako habari za suruali?"

Nikauliza habari gani.

"Kwamba ni ya kulalia."

Baba akaokota kijiti, akawa anakwangua udongo kwenye kiatu chake.

"Yule mama wa misheni aliyekuwa anagawa aliniambia siku ile ile. Alinionyesha hivi," akalaza shavu juu ya kiganja, akafumba macho. "Nikarudi njia nzima nacheka, nikisema leo nitalala kama mzungu. Nikafika nyumbani. Wewe ulikuwepo. Uliona mama yako alivyoniangalia."

"Niliona, Baba."

"Tangu nimwoe nilikuwa sijampa kitu cha kuwaitia majirani. Ningemwambiaje tena?"

Nilimwuliza kuhusu wale wazungu. Nilimwuliza kama hakuwaona wakitabasamu. Nililia nilipouliza.

"Niliwaona. Kila Jumapili niliwaona." Akakitupa kile kijiti. "Wale wanatabasamu kidogo, halafu wanapanda gari lao wanakwenda. Mimi naishi na mama yako."

Tukasikia basi linapanda mlima. Baba akasimama, akalibeba sanduku.

"Nimeona mikono yake ilivyokuwa. Nimeona na kaniki imepungua. Usimwambie kwamba nilijua. Amehangaika sana ili nisijue."

Nikamwahidi. Nilipanda lile basi nikiwa nimebeba siri ya kila mmoja wao dhidi ya mwenzake, na sikuwahi kubeba mzigo uliokuwa mtamu namna ile. Baba aliivaa ile suruali mpaka ikaisha kabisa, na ilipoisha mama akaikata, nyuma ikawa mfuko wa mbegu, na miguu ikawa kaptula mbili za mdogo wangu. Hawakuizungumzia hata siku moja.

Leo nawaangalia vijana wetu na wenza wao. Ni watoto wazuri, siwasemi vibaya. Lakini wanaambiana kila kitu, tena kwa kuandika, tena watu wote wanasoma. Mke akikosea kupika ugali, mji mzima umejua kabla ugali haujapoa. Neema ananiambia, "Bibi, huo ndio ukweli na uwazi." Labda. Mimi nimelelewa kwenye nyumba iliyokuwa na kiraka kwa ndani, na sikuwahi kusikia baridi humo.

Jana ile pajama ya paka ilichanika makalioni. Neema alipanda ukuta akitafuta mtandao, sijui mtandao gani unakaa ukutani. Alikuwa anaikunja kuitupa jalalani. Nikamwambia alete sindano. Nikachomoa uzi kwenye pindo, nikausokota pajani, nikaanza. Neema akakaa karibu, hata simu akaiweka chini, akauliza mbona kiraka nakiweka ndani wakati kingeweza kuwa pambo zuri kwa nje. Nikamwambia nimefundishwa hivyo.

Mama yangu alimalizia siku zake hapa hapa Soweto, kwangu. Baba alikuwa ametangulia miaka mingi. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha, lakini vidole vyake vilikuwa bado vinatafuta mishono. Ukimpa nguo anaipapasa pindo lote. Alasiri moja tulikuwa barazani tunaota jua, mimi nashona foronya, akaniita.

"Vumi. Ile suruali ya baba yako. Aliwahi kujua?"

Sindano ilinisimama mkononi. Nilimtazama, kichwa kimeegemea ukuta, amegeuza uso upande wa sauti yangu anangoja. Miaka yote ile alikuwa bado anamlinda.

"Hakujua, Mama."

Akavuta pumzi ndefu, akaishusha. Akatabasamu, akakunja ile mikono yake juu ya khanga.

"Basi nilimfichia vizuri," akasema.

Nimesema leo kwa sababu wote wawili wamelala kule Mufindi, bega kwa bega, karibu na miwati ile ile, na hakuna tena wa kumficha mwenzake.